Amri kwa Maandishi: Historia ya Dirisha Jeusi la Kompyuta hadi Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, ikiwa mashine ya aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, na ilitarajiwa kubeba hesabu za serikali ambazo hadi wakati huo ziliandikwa kwa kalamu katika madaftari ya leja. Mashine za kizazi hicho hazikuwa na kipanya wala picha za kubofya. Ziliendeshwa kwa amri, yaani maagizo mafupi yaliyoandikwa kwa utaratibu usiobadilika, ambayo yalitobolewa kwenye kadi ngumu, yakapangwa kwa mafungu, yakaingizwa mashineni na watumishi maalumu, na majibu yakatoka baadaye yakiwa yamechapwa kwenye karatasi. Karani aliyehitaji jibu hakuigusa mashine, na mara nyingi hakujua imeagizwa nini kwa niaba yake. Utengano huo kati ya mwenye kazi na mwenye amri umeifuata historia ya kompyuta nchini tangu ofisi za Dar es Salaam hadi vibanda vya steshenari vya Kyela, mji ulio kwenye tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, jirani na mpaka wa Malawi.

Matumaini ya 1965 hayakudumu. Hesabu zilizohamishiwa kwenye kompyuta zilijaa makosa na kuchelewa, wataalamu waliotegemewa walikuwa wageni, na vipuri pamoja na matengenezo vililipwa kwa fedha za kigeni katika kipindi ambacho fedha hizo zilikuwa zikiadimika. Mwaka 1974, nchi ikiwa imebanwa na ukame na bei ya mafuta iliyopanda tangu mwaka uliotangulia, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wako walioliona zuio hilo kuwa woga wa maendeleo, lakini hukumu hiyo ni nyepesi mno, kwa sababu serikali ilikuwa imekwisha kulipia chombo ambacho hapakuwa na Watanzania wa kutosha wa kukiamuru, na kilichompotezea mwenyewe fedha hakuna aibu kukirudisha. Kosa lilikuwa katika dawa iliyochaguliwa: mlango ulifungwa kwa mashine na kwa maarifa kwa pamoja, tena katika miaka ileile ambayo maarifa hayo yalikuwa yakibadilika kwa kasi kubwa.

Mabadiliko hayo yalitokea Marekani. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, watafiti wa Bell Labs, walianza kutengeneza mfumo endeshi ulioitwa Unix. Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia kumbukumbu, diski na programu nyingine zote. Ndani ya Unix mtumiaji alikaa mbele ya kibodi, akaandika amri, akajibiwa papo hapo, na amri hizo zikapokewa na programu ya kati ambayo kazi yake ni kusoma maandishi ya binadamu na kuyafikisha kwa mashine. Mwaka 1973, kwa msukumo wa Doug McIlroy, liliongezwa jambo dogo lililobadilisha kila kitu, nalo ni bomba: alama moja, mstari wa wima, iliyoruhusu matokeo ya amri ya kwanza yamiminike kuwa malighafi ya amri ya pili. Tangu hapo haikuhitajika tena programu moja kubwa inayojua kila kazi, kwa kuwa amri ndogo ya kupanga, nyingine ya kutafuta na nyingine ya kuhesabu ziliweza kuunganishwa kwa mstari mmoja kufanya kazi ambayo hakuna aliyeitabiri. Amri ya kutafuta maandishi, grep, ni ya miaka hiyohiyo, na bado inatumika leo kwa jina lilelile na kwa namna ileile kwa kiasi kikubwa.

Amri zilizoandikwa kwa kufuatana ndani ya faili moja, ili ziendeshwe zote kwa mara moja, huitwa skripti. Skripti humwezesha mtu aliyeifanya kazi kwa mikono mara moja asiifanye tena, na thamani yake haionekani katika kazi inayofanywa mara moja kwa mwaka. Huonekana pale ambapo jambo lilelile hurudiwa kila juma kwa mamia ya faili.

Zuio la 1974 lililegea kidogo kidogo katika miaka ya 1980, hasa kwa kuwa miradi ya wafadhili, mashirika ya umma na vyuo viliendelea kuomba vibali, na mashine zilizoingia sasa zilikuwa ndogo, za kuwekwa juu ya meza, zikiendeshwa kwa mfumo wa DOS wa kampuni ya Microsoft uliotoka mwaka 1981. DOS haikuwa na picha za kubofya. Mtumishi aliyewasha kompyuta alikutana na kioo cheusi, herufi ya diski na alama inayopepesa, na hakuwa na njia nyingine ila kuandika: dir kuona orodha ya faili, copy kunakili, del kufuta, na format, amri iliyoogopwa kwa haki kwa sababu ilifuta diski nzima. Toleo la pili la mfumo huo, la mwaka 1983, liliazima bomba kutoka Unix, na toleo la tatu la mwaka uliofuata likaja na attrib, amri ya kubadilisha sifa za faili, ambayo itarudi katika simulizi hii mahali ambapo walioitunga hawakupatazamia. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha Watanzania waliokaa wenyewe mbele ya kompyuta kilikuwa kizazi cha amri, kidogo kwa idadi lakini kisichokuwa na mtu wa kati baina yake na mashine.

Kizazi hicho hakikurithiwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, Windows ilipoenea na vyuo vya kompyuta vikafunguliwa mijini, mafunzo yakajengwa juu ya fungu lilelile la programu za kuandikia barua, za majedwali, za mawasilisho na matumizi ya intaneti, na cheti kikatolewa kwa anayejua mahali pa kubofya. Faida ya njia hiyo haiwezi kupuuzwa, kwa maana iliwafikisha watu wengi kwenye kompyuta kwa muda mfupi. Hata hivyo ilifundisha nafasi za vitufe badala ya namna mashine inavyofanya kazi, na toleo jipya lilipohamisha vitufe, aliyehitimu alijikuta mgeni tena. Dirisha jeusi la kuandikia amri likabaki mali ya fundi, likaonekana kama uganga.

Jitihada kubwa ya kuikaribisha kompyuta kwa msemaji wa Kiswahili ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na idara ya sayansi ya kompyuta kwa kushirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa mwishoni mwa 2004 programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice, zikiwa na menyu na maelezo kwa Kiswahili. Programu hizo zilikuwa huria, yaani msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa bila malipo. Kilichotafsiriwa kilikuwa menyu. Amri zenyewe haziguswi na tafsiri, kwa kuwa ls ya kuorodhesha faili, cp ya kunakili na grep ni zilezile Helsinki na Ipinda wilayani Kyela. Lakini mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, humruhusu mtumiaji kuipa amri jina la pili alitakalo, na kwa mstari mmoja, alias orodha='ls -l', neno orodha huanza kutii kama amri ya kuzaliwa.

Wilaya ya Kyela ilitengwa na Rungwe katika miaka ya 1970, na uchumi wake unakaa juu ya mpunga, kakao, uvuvi na biashara ya mpakani Kasumulu. Tambarare hiyo, iliyo kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari na iliyozungukwa na milima kwa upande wa kaskazini na mashariki, hupokea mvua nyingi, na unyevu pamoja na radi si rafiki wa vifaa vya umeme. Kompyuta ziliingia kupitia ofisi za halmashauri, misheni, shule, hospitali na benki, lakini mahali ambapo mwananchi wa kawaida alikutana nazo ni steshenari: kibanda chenye kompyuta moja au mbili, mashine ya kutolea kopi, printa, na mhudumu mmoja anayechapa barua za maombi, mikataba ya mashamba, kadi za harusi na ratiba za misiba. Huko faili hazikusafiri kwa intaneti. Zilisafiri mfukoni, ndani ya flashi.

Flashi ndiyo iliyolirudisha dirisha jeusi barazani. Windows za wakati huo zilikuwa na tabia ya kuendesha kwa hiari yake programu iliyokutwa kwenye diski iliyochomekwa, na watunzi wa virusi wakaitumia tabia hiyo. Kirusi cha Conficker kilichozuka mwishoni mwa 2008 kilienea kwa mtandao na kwa flashi pia, na miaka michache baadaye vikafuata virusi vya njia za mkato, ambavyo kwa watu wa steshenari vilikuwa janga la kila siku. Kirusi cha aina hiyo hakifuti faili. Huzipa sifa ya kufichwa na sifa ya kuwa mali ya mfumo, kisha huweka mahali pake vijifaili vidogo vyenye majina yaleyale, na mwenye flashi anapobofya folda aliyoizoea huwa ameendesha kirusi kwa mkono wake. Microsoft ilizuia uendeshaji wa hiari wa flashi kwa matoleo ya zamani mwezi Februari 2011, lakini masahihisho hayo hupokelewa kwa intaneti, na kompyuta nyingi za steshenari hazikuwa na intaneti ya kuyapokelea.

Mwanafunzi aliyeleta ripoti yake ya mwisho akaikuta flashi tupu aliamini kwamba kazi imepotea, na kwa kawaida aliambiwa flashi isafishwe upya, jambo ambalo kweli lingeipoteza. Tiba ilikuwa mstari mmoja uliopokezanwa na mafundi kwa mdomo na kwa vikaratasi vilivyobandikwa pembeni mwa kioo: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ambapo E ni herufi ambayo kompyuta imeipa flashi. Mstari huo husomeka bila shida mara sehemu zake zinapotenganishwa. Alama ya kutoa mbele ya h huondoa ufiche, mbele ya r huondoa katazo la kuandika juu ya faili, na mbele ya s huondoa sifa ya mfumo. Nyongeza ya /s huiagiza amri iingie katika folda zote za ndani, /d huiagiza iziguse folda zenyewe pamoja na faili, na nyota mbili zenye nukta kati yake zina maana ya kila jina na kila aina. Amri ya pili, del E:\*.lnk, hufuta vijifaili vya udanganyifu, kwani njia za mkato za kawaida za Windows hubeba mwisho huo wa lnk. Mafundi wengi waliokariri mistari hiyo hawakuelezwa sehemu zake, na aliyekariri bila kuelewa alikwama siku flashi ilipopewa herufi F badala ya E. Kasoro hiyo ni ya mafunzo yaliyofundisha kubofya peke yake, wala haifai kutwishwa fundi.

Wakati huohuo umma mzima ulikuwa ukijifunza kuandika amri bila kuambiwa kwamba ndicho unachofanya. Kampuni ya simu ya Vodacom ilianzisha M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mitandao mingine ikafuata. Huduma hizo zilipita katika njia ya USSD, ambayo ni mazungumzo mafupi ya maandishi kati ya simu na kompyuta za mtandao, kila ujumbe ukiwa na herufi zisizozidi 182, bila kuhitaji bando wala simu janja. Mkulima wa Ngonga, Kyela, anapopiga *150*00# anaandika amri kamili: nyota hutenganisha sehemu, tarakimu hutaja huduma, na reli ya mwisho hufanya kazi ya kitufe cha kuingiza. Pale mtandao unaporuhusu, machaguo ya menyu huunganishwa katika mstari mmoja ili kuruka hatua za kati, na wafanyabiashara wenye haraka waligundua njia hizo wenyewe. Serikali nayo ilikusanya huduma zake za simu chini ya *152*00#. Dai kwamba watu wa vijijini hawawezi kompyuta ya kuandikiwa amri, kwa hiyo, lilikwisha kukanushwa na vidole vyao zamani.

Nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukajengwa kutoka pwani hadi mipakani, ukiifikia Malawi kwa kupita Kasumulu. Bei ya data ilishuka, ingawa kwa mtumiaji wa mwisho mawasiliano yaliendelea kukatika na umeme vilevile, na hali hiyo ndiyo iliyozipa uzito amri ambazo mahali pengine huonekana za ziada. Programu ya wget, iliyotoka mwaka 1996, hupakua faili kutoka intaneti, na ikiongezwa -c huendelea kutoka pale ilipokatikia badala ya kuanza upya na kula bando mara mbili. Robocopy, iliyoingizwa rasmi ndani ya Windows tangu toleo la Vista, hunakili folda nzima kwenda diski ya akiba, huruka faili ambazo hazijabadilika, na kwa nyongeza ya /z huweza kuendelea baada ya mawasiliano na diski ya mbali kukatika. Amri shutdown /s /t 3600 huizima kompyuta yenyewe baada ya sekunde 3,600, yaani saa moja, nayo humfaa anayeacha kazi ndefu ikiendelea jioni.

Kazi nyingine za kaunta hudai subira zaidi. Vijana wanaoomba ajira kupitia Ajira Portal, au mikopo ya elimu ya juu kupitia mfumo wa HESLB, hutakiwa kupakia vyeti vilivyoskaniwa, na mhudumu wa steshenari huweza kutumia nusu saa akiunganisha kurasa moja moja. Programu huria ya ImageMagick, iliyotolewa kwa umma mwaka 1990, huzikusanya picha zote zilizo katika folda kuwa hati moja kwa mstari mmoja: magick *.jpg vyeti.pdf. Kurasa hupangwa kwa mfuatano wa majina, kwa hiyo ni busara kuzipa namba mbilimbili, 01, 02 na kuendelea, la sivyo ukurasa wa 10 hutangulia wa 2.

Hata hivyo, manufaa makubwa zaidi kwa Kyela yamo katika orodha za majina. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilitungwa mwaka 2005, na kakao ya wilaya hiyo ilipoingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hukabidhi mzigo kupitia chama cha ushirika cha msingi na kulipwa baada ya mnada, usahihi wa orodha ukawa ndio usahihi wa malipo. Hapa kuna tatizo ambalo watengenezaji wa programu za majedwali hawakulijua: majina ya ukoo ya Wanyakyusa, wenyeji wa wilaya hiyo, kwa sehemu kubwa huanza na Mwa, hivyo orodha ya wanachama iliyopangwa kwa jina la ukoo hurundikana karibu yote chini ya herufi moja, na jicho linalotafuta jina lililoandikwa mara mbili huchoka kabla ya kufika katikati. Tena tahajia hutofautiana kati ya karani na karani, huyu akiandika Mwakyusa na yule Mwakiusa.

Amri za Unix zilitungwa hasa kwa maandishi ya namna hiyo. Jedwali likihifadhiwa kama faili ya CSV, yaani maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa mkato, na namba ya uanachama ikiwa katika safu ya kwanza, mstari cut -d, -f1 wanachama.csv | sort | uniq -d huichomoa safu hiyo, huipanga, na kutoa zile namba tu zinazojirudia. Mabomba mawili yanaunganisha amri tatu, na hakuna hata moja kati yake inayojua kakao ni nini. Amri grep -E 'Mwak(y|i)usa' wanachama.csv huleta mistari yenye tahajia zote mbili. Anayetumia Windows bila Unix ana findstr kwa utafutaji wa kawaida, na copy *.csv yote.csv kwa kuunganisha orodha za vituo vyote kuwa moja, ingawa hapo vichwa vya safu vitajirudia na kuhitaji kuondolewa. Kupanga kwa namba ya uanachama badala ya jina la ukoo ni uamuzi wa karani mwenyewe, na ni uamuzi ambao hakuna programu ya kununua ingemshauri.

Uwezo huo una hatari yake, wala si busara kuificha. Kitu kilichofutwa kwa del au kwa rm, amri ya kufuta ya Unix, hakiendi katika pipa la taka, kinaondoka. Mara nyingi amri haimuulizi mwandishi kama ana hakika, na nafasi moja iliyowekwa pasipo mahali pake, hasa karibu na nyota, imewahi kufuta kazi za miaka katika ofisi za mataifa yenye wataalamu wengi. Desturi ya mafundi waangalifu ni kuandika kwanza amri ya kuorodhesha, dir au ls, kwa nyota zilezile, kuona ni faili zipi zitakazoguswa, na ndipo kubadilisha neno la kwanza kuwa la kufuta. Skripti mpya hujaribiwa juu ya nakala.

Microsoft yenyewe, iliyowafundisha watu kubofya, ilirudi kwenye maandishi: mwaka 2006 ilitoa PowerShell, dirisha la amri lenye mabomba yake, na mwaka 2016 ikauweka wazi msimbo wa PowerShell na kuruhusu amri za Linux ziendeshwe ndani ya Windows 10. Kompyuta yoyote yenye Windows 10 au 11 iliyopo leo katika shule, halmashauri, ghala la ushirika au steshenari ya Kyela tayari ina dirisha hilo, bila kununua na bila kupakua kitu: hubonyezwa kitufe cha Windows pamoja na R, likaandikwa neno cmd au powershell, na kitufe cha Enter kikamalizia.